Kumchagulia Mtu Kitabu

Wahenga walisema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya kweli sokoni, ambako ndizi mbivu hujulikana kwa rangi yake, na samaki mbichi kwa jicho lake. Lakini mtu akiingia nayo katika maktaba ya mji mdogo ataona kuwa imemtupa mkono. Vitabu vimesimama katika rafu, migongo nje, kama watu waliokaa wakitazama ukuta. Kilicho bora na kilicho hafifu vina kimo kimoja. Pengine kitabu bora kina jalada la rangi ya vumbi, na kilicho hafifu kina jalada la kumeremeta. Hapo chema hakijiuzi. Hukaa kimya miaka na miaka, mpaka atokee mtu akichomoe na kumwambia mwenziwe, "Kijaribu hiki."

Jambo ninalotaka tulifikiri, wasomaji vijana, lahusu mtu huyo. Ana haki gani ya kulitamka neno lile? Wakati utakaotumika ni wa msomaji, akili ni ya msomaji, na maisha yatakayoguswa ni ya msomaji. Kumchagulia mtu chakula ni jambo dogo, maana tumbo hukitoa kisichofaa. Kumchagulia kitabu ni kumtilia kichwani maneno ambayo huenda yasitoke tena. Basi anayefanya hivyo, awe mkutubi, mwalimu, mzazi au rafiki, amejitwika mzigo, hata kama yeye mwenyewe hauoni.

Wapo watakaojibu upesi kuwa hana haki yoyote. Msomaji, watasema, aachwe atembee mwenyewe baina ya rafu, ajikwae, ainuke, apate apatacho. Jibu hili lina heshima ndani yake, wala silidharau. Lakini limesimama juu ya dhana kwamba rafu zenyewe hazikuchaguliwa na mtu, na dhana hiyo si kweli. Kabla msomaji hajavuka kizingiti, yupo aliyekwisha kuamua vitabu gani vinunuliwe na vipi viachwe; vipi viwekwe penye usawa wa macho, na vipi vitiwe chini karibu na sakafu, mahali ambapo mzee mwenye maumivu ya mgongo hatainama kuvitazama. Fedha ya maktaba ndogo haitoshi nusu ya mahitaji yake, na kila kitabu kilichonunuliwa kimekisukuma kingine nje. Anayedhani kuwa amejichagulia peke yake amechagua ndani ya uchaguzi wa mtu asiyemwona.

Jambo hili laonekana wazi zaidi mahali ambapo maktaba ni ndogo kuliko zote. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Taifa ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa, ili viwafikie wafugaji ambao makao yao huhama pamoja na malisho. Ngamia mmoja alibeba masanduku ya vitabu, mwingine hema la wasomaji kukaa ndani yake. Ngamia ana nguvu, lakini mgongo wake una kiasi. Anayepakia masanduku asubuhi hana budi kusema moyoni, "Hiki kiende, hiki kibaki." Hadithi au hesabu? Kiswahili, Kisomali au Kiingereza? Kitabu cha magonjwa ya mifugo au kitabu cha picha kwa watoto? Mtoto atakayeketi chini ya hema lile ataona vile vilivyopakiwa tu. Na kwa kweli maktaba zote, hata zile za ghorofa, ni masanduku ya ngamia. Ila zingine ni masanduku makubwa, na ukubwa huo hutusahaulisha mpakiaji.

Katika nchi yetu wapakiaji wamekuwa wa namna nyingi. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa Nairobi mwaka 1931, na kwa miaka mingi mlango wake ulikuwa wa Wazungu peke yao. Ilipofika mwaka 1962 ndipo ilipokabidhiwa Halmashauri ya Jiji. Kwa Waafrika, East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilipeleka masanduku ya vitabu katika miji na vijiji. Ofisi hiyo ilikuwa chini ya serikali za kikoloni, na msomaji wa shamba hakuulizwa angependa kuletewa nini. Hata hivyo haki yake nayo isemwe: kutokana na mashindano ya uandishi iliyoyafanya mwaka 1957 na 1958 tulipata Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichochapishwa mwaka 1960, ambacho kimewafanya vijana wengi wajue kwamba upelelezi waweza kusimuliwa kwa Kiswahili kitamu. Baada ya uhuru, Bunge lilipitisha sheria ya mwaka 1965 iliyounda Huduma ya Maktaba ya Taifa, na Katiba ya mwaka 2010 ikaziweka maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Hivyo mpakiaji amesogea karibu nasi. Twaweza sasa kumwendea na kumwuliza.

Lakini historia hiyo ina sura nyingine. Wapo waliochagua kwa kukataza. Riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iitwayo Matigari ilitoka kwa Kikuyu mwaka 1986. Mwaka uliofuata nakala zake zilikusanywa na polisi kutoka madukani. Mwandishi mwenyewe amesimulia kwamba kabla ya hapo amri ilikuwa imetolewa ya kumtafuta Matigari akamatwe, kwa kuwa watu walisikika wakimtaja kama mtu aliye hai. Ng'ambo ya mpaka, Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilizuiwa shuleni Tanzania kwa muda, kisha ikaja kusomwa darasani. Walioizuia hawakuwa wajinga wala wakatili wote. Wengi wao walikuwa wazazi na walimu walioogopa kwa dhati. Lakini tazameni tofauti iliyopo baina ya mwenye kukataza na mwenye kupendekeza. Anayependekeza, ukimkatalia, kitabu kingali rafuni na wewe ungali na hiari yako. Anayekataza hakuachii cha kukataa.

Kati ya hao wawili yupo wa tatu, naye ni mwenye kuamrisha. Hapa sharti nitutaje sisi walimu. Tukimwambia mwanafunzi, "Soma kitabu hiki," nyuma ya maneno yetu unasikika mtihani. Sifa zetu kwa kitabu humfikia mtoto zikiwa zimekwisha kuchanganyika na alama, na hata kitabu kitamu huanza kunuka dawa. Siku Njema ya Ken Walibora, kisa cha kijana atokaye Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba yake, kiliwahi kuwa kitabu cha kutahiniwa. Nimewaona watu wazima waliokisoma wakati huo kwa kukariri wahusika na maudhui. Kisha wakakutana nacho tena miaka kumi baadaye, bila mtihani, wakakisoma usiku mmoja, na kuuliza kama kweli ndicho kilekile. Silaumu utaratibu wa mitihani. Bila huo wengi wasingalikifungua kabisa. Nasema tu kwamba amri na pendekezo ni ndugu wasiofanana, na mwalimu akitaka kupendekeza yampasa kwanza aweke chini kalamu yake nyekundu.

Mwuzaji naye hupendekeza, na hatuna haja ya kukaa naye sana; ana bidhaa yake, nasi twalijua hilo tunapomsikiliza. Mwenye kuhitaji fikira zaidi ni simu tuliyo nayo mifukoni. Nayo hupendekeza usiku na mchana. Huhesabu ulichotazama jana, ikakuletea cha kufanana nacho leo, na kesho kingine cha kufanana na hicho. Mtu aweza kuuliza, je, mkutubi hafanyi vivyo hivyo? Naye hukumbuka kwamba juma lililopita uliazima hadithi ya baharini, akakuwekea nyingine. Kwa nje ni kazi moja. Kwa ndani zimeachana mbali. Mkutubi akupendekezapo kitabu anataka uondoke nacho, ukakae kwako, ukimaliza ukirudishe ili apewe mwingine. Hana faida katika kukushikilia. Simu, au tuseme waliotengeneza yale yaliyomo ndani yake, faida yao i katika kutokuondoka kwako. Tena mkutubi ana uso. Waweza kumwambia, "Kitabu ulichonipa kilinichosha," naye akaona haya kidogo, au akakitetea. Simu haioni haya.

Mhindi mmoja, S. R. Ranganathan, aliyekuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kuwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras mwaka 1924, aliandika mwaka 1931 kanuni tano za kazi hiyo. Mbili miongoni mwake zasema, kwa maneno yangu mimi, kwamba kila msomaji ana kitabu chake, na kila kitabu kina msomaji wake. Wengi huzichukua kama kanuni moja iliyogeuzwa. Mimi naona ya pili ni ngumu zaidi. Ya kwanza humtaka mkutubi ajue vitabu. Ya pili humtaka ajue watu: aketi na kile kitabu cha rangi ya vumbi mkononi, ajiulize ni nani katika mji huu, fundi baiskeli, mama wa mitumba, karani wa mahakama au kijana asiye na kazi, ambaye kiliandikwa kwa ajili yake bila mwandishi kujua.

Na hapo ndipo hatari inapoanza. Natunga mfano, wala msitafute mji wake. Msichana wa kidato cha tatu amekuja maktaba akitafuta kitabu cha uraia kwa ajili ya kazi ya shule. Baba yake amefariki mwaka uliopita. Mji ni mdogo, na mkutubi alikuwa matangani. Msichana anauliza, sauti chini, kama kipo chochote kielezacho mambo ya mashamba ya marehemu. Mkutubi anampa kitabu cha uraia, na juu yake anaweka kijitabu kielezacho Sheria ya Urithi, ambayo ilianza kutumika Kenya mwaka 1981, na ambayo huwatambua mjane na watoto, wa kike kwa wa kiume. Msichana anakwenda nacho nyumbani. Anamsomea mama yake. Baada ya juma mbili ndugu wa marehemu anafika mlangoni pa maktaba, kofia mkononi, mtu wa heshima.

"Mama," anasema, "nataka kujua tu, mtoto wetu huyu anasoma nini hapa?"

Je, mkutubi alifanya vema? Mtu atasema aliingilia mambo ya ukoo. Alitia kijitabu katika nyumba yenye msiba, na sasa ndugu wanatazamana kwa pembe za macho. Mtu huyu hasemi upuuzi. Amani ya ukoo ni mali, na si rahisi kuinunua tena ikiisha kuvunjika. Tena mkutubi hataishi na matokeo. Jioni atafunga mlango aende kwake, na mama mjane ndiye atakayekaa karibu na shemeji zake maisha yake yote.

Hata hivyo nahukumu kuwa alifanya vema, na sababu yangu si kwamba kijitabu kilikuwa na manufaa. Vitabu vingi vina manufaa, lakini si haki kumrushia mtu kila chenye manufaa. Sababu yangu ni kwamba aliulizwa. Msichana alilileta swali lake mwenyewe, na mkutubi hakufanya zaidi ya kulijibu. Lau angalimwita msichana kando na kumwambia, "Najua baba zako wadogo wanataka nini, soma hiki," angalikuwa ametoka katika kazi yake na kuingia katika ugomvi. Aliona haja, akangoja iseme. Kungoja huko ni sehemu ya kazi ambayo haifundishwi kwa urahisi.

Lakini ndugu wa marehemu bado amesimama mlangoni. Kwake mkutubi ana jibu moja tu la haki, nalo ni kutomjibu. Daftari la waazimaji huwekwa ili kitabu kisipotee. Halikuwekwa ili ukoo upeleleze. Mtoto ana wakubwa wake, na wakubwa wana haki ya kumwuliza mtoto, naye ana wajibu wa kuwajibu kwa adabu. Lakini haki hiyo ipite kinywani mwa mtoto, isipite katika daftari. Siku watu wa mji watakapojua kuwa yaliyomo daftarini husemwa, mwenye ugonjwa hataazima kitabu cha ugonjwa wake, wala mwenye shaka hataazima kitabu cha shaka yake. Wote wataazima vitabu vya kuonekana navyo. Mkutubi wa mfano wangu angeweza kusema, "Mzee, hapa hatutaji kilichoazimwa na mtu. Lakini kama kuna jambo unalotaka kulijua wewe mwenyewe, karibu uketi, tukutafutie." Na kama mzee akiketi, na akiuliza habari za urithi, apewe kijitabu kilekile, kwa heshima ileile.

Sasa nije katika lawama inayosikika mara kwa mara, kwamba maktaba zimeanza kuwa kumbi. Jumamosi watoto hukusanywa kuhadithiwa. Vijana hufanya mdahalo. Mahali pengine utakuta bao limewekwa ukumbini, au watu wazima wameketi duara wakibishana juu ya riwaya moja waliyoisoma wote, au mtu ameketi mbele ya kompyuta akisaidiwa kujaza fomu. Wazee waliozoea maktaba ya kimya, ambayo hata kukohoa kulikuwa ni kosa, huuliza: kelele hizi zina uhusiano gani na kusoma?

Zingine hazina, na ziambiwe hivyo. Chumba kikikodishwa kwa mkutano wa mauzo hali wanafunzi wamekosa meza, hiyo si shughuli ya jamii, ni biashara iliyovaa kanzu. Lakini nyingi zina uhusiano, kwa njia ambayo yatokana na yale niliyokwisha kuyasema. Mkutubi mmoja hawezi kuwajua watu wote wa mji. Duara la wasomaji humpunguzia mzigo. Mle ndani fundi cherehani humwambia karani, "Kile cha juma lililopita kilinipendeza kuliko hiki," na karani hukichukua kwa neno la fundi, kwa kuwa fundi hana mtihani wa kumtahini wala bidhaa ya kumwuzia. Pendekezo hupita katika vinywa vingi, na hakuna kinywa kimoja kinachotawala. Aliyekosea kupendekeza hufichuliwa juma lifuatalo mbele ya wenziwe, tena kwa kicheko.

Kuna na wale wasiojua kusoma. Huyu bibi anayeuza mchicha kando ya lango la maktaba, ambaye hakupelekwa shule kwa kuwa alizaliwa mwanamke katika mwaka mbaya, hununua sabuni na kiberiti kama sisi, na ndani ya bei yake mna kodi. Kwa kodi hiyo rafu zilitengenezwa. Maktaba iliyo na vitabu peke yake imemla fedha yake bila kumpa kitu. Kwa hiyo saa ya kusomewa kwa sauti, ambayo baadhi ya watu huiona mchezo wa watoto, mimi naiona kuwa ni malipo ya deni. Bibi aketi, asomewe. Naye achague. Asiletewe tu kijitabu cha kunawa mikono, kama kwamba mtu asiyejua herufi hana haja ya hadithi. Aulizwe, "Bibi, tukusomee nini leo?" Huenda akataka habari za mahakama kutoka gazetini. Huenda akataka Bwana Msa na kiko chake. Na huenda, baada ya kusomewa, akasimulia yeye, na watoto wakasikia kisa ambacho hakimo katika kitabu chochote cha maktaba ile; basi na awepo kijana mwenye kalamu.

Najua kwamba wengi wenu mwaingia maktaba kwa ajili ya meza. Nyumbani pana chumba kimoja, wadogo zenu wanalia, na taa ni ya watu wote. Mwafika na madaftari yenu, mwakaa mpaka mlango ufungwe, mwaondoka bila kugusa rafu. Hakuna aibu hapo. Meza nayo ni haki yenu. Lakini siku moja, mtihani ukiwa mbali kidogo, inukeni mkamwendee mkutubi mmwulize. Msimwulize kitabu gani ni kizuri, maana swali hilo halina mwisho. Mwambieni kitu kimoja mlichokipenda na kingine kilichowachosha, mmwache apime. Atakachowapa si lazima mkimalize. Mkikirudisha nusu, yeye hana fimbo. Atauliza tu mlikomea wapi. Na kama mkutubi huyo anaijua kazi yake, atapindua kurasa mpaka pale mlipokomea, asome mistari michache kimyakimya mkiwa mmesimama, kisha aende katika rafu nyingine.